Swichi ya pampu ya kisima imenasa: uisafishe, uibadilishe, au uhamie mfumo mwingine?

Pampu ya kisima ikikataa kuwaka mpaka ukigonge kile kiboksi kidogo kwa mpini wa bisibisi, au ikiwaka na kukataa kuzima hata koki zote zikiwa zimefungwa, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi ya presha, kiboksi hichohicho kinachowasha na kuzima pampu kwa kufuata presha ya maji. Hapo ndipo ushauri unapogongana. Fundi mmoja atasema ipigwe msasa. Mwingine atasema nunua mpya. Wa tatu atakuletea kidhibiti cha elektroniki chenye taa na kitufe, na jirani atakuuliza kwa nini usisimamishe tangi juu ya mnara uachane na mambo ya presha. Kila mmoja wao ana nyumba ambayo ushauri wake unaifaa, na kazi yako ni kujua kama nyumba hiyo ni yako.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: swichi inayonasa kwa kawaida imeharibiwa na kitu kingine kilicho pembeni yake. Ukichagua dawa kabla ya kukijua kitu hicho, utarudi dukani kabla mwaka haujaisha. Na hapa Uganda gharama haiishii kwenye bei ya swichi. Pampu ya nguvu farasi moja inakula karibu yuniti moja ya umeme kwa saa. Ikinasa saa tatu usiku na wewe ukaamka saa moja asubuhi, yuniti kama kumi za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimekwenda na hakuna ndoo hata moja iliyojaa, achilia mbali mota iliyokuwa ikichemka kisimani usiku kucha bila maji ya kupita na kuipoza.

Imenasa kwa namna gani?

Ndani ya swichi ya kawaida kuna kipande cha mpira chembamba ambacho maji hukisukuma kwa chini, springi inayokirudisha, na mkono mdogo unaoruka kwa ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mkono huo ndio unaokutanisha au kutenganisha kontakti, vile vifungo vidogo vya aloi ya fedha ambavyo umeme wa pampu unapita. Swichi nyingi za majumbani hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuwasha presha ikishuka hadi baa 1.4 (baa ni kipimo cha presha) na kuzima ikipanda hadi 2.8. Wanaotumia vipimo vya Kimarekani huita hiyo 20 kwa 40.

Swichi ikinasa upande wa kuzima, geji inaonyesha presha imeshuka hadi sifuri na pampu iko kimya. Ukigonga, inawaka. Hapo tafuta uchafu kati ya kontakti, au kijibomba kinachopeleka maji kwenye swichi kiwe kimeziba. Kijibomba hicho kwa kawaida kina uzi wa robo inchi, tundu lake ni dogo, na visima vyetu vingi vina maji yenye chuma. Kama ndoo zako nyeupe zina mstari wa rangi ya kutu, usishangae tope hilohilo kukutwa ndani ya kijibomba. Kikiziba, swichi nzima kabisa hubaki ikisoma presha ya jana: mabomba yametulia yakiwa matupu, nayo inaamini nyumba imejaa maji.

Ikinasa upande wa kuwasha, habari ni nzito zaidi. Geji inavuka alama ya kuzima na pampu inaendelea. Ama kijibomba kimeziba wakati presha iko chini, ama kontakti zimeungana kwa moto, yaani cheche zimeyeyusha fedha na kuzishikiza pamoja. Zima umeme na ufungue kifuniko. Kama kontakti bado zimegusana ilhali presha iko juu, zisukume taratibu kwa kipande cha plastiki. Zikiachia kwa mlio mdogo wa kukwanyuka, zilikuwa zimeshikana, na dawa ya kusafisha imeshatoka kwenye orodha yako.

Kabla ya mkono wowote kuingia humo, shusha sakiti breka ya pampu na upime kwa testa kwamba waya zote zimekufa. Usitegemee swichi ya ukutani, maana inaweza kuwa imefungwa kwenye waya wa nyutro, na ule wa layivu ukabaki na umeme. Kama pampu ina boksi la kuwashia lenye kapasita, kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo usiiguse. Fungua koki iliyo karibu presha ishuke hadi sifuri. Na kama kazi inavuka kusafisha na kufika kwenye kubadilisha waya, mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme. Maji na volti 240 vikikutana kwenye sakafu ya simenti iliyolowa, havitoi nafasi ya pili.

Kusafisha: dawa ya leo usiku

Faida yake haina mjadala: haigharimu pesa, na maji yanarudi ndani ya nusu saa. Mara nyingine inatosha kabisa. Kisa cha kawaida ni sisimizi. Wanaingia kupitia tundu la waya ambalo halikuzibwa, wanatafuta pahali pakavu penye joto kidogo, na mmoja akikanyaga kontakti mbili zinapokutana anabanwa na kuungua hapohapo. Wenzake wanamfuata, na wanabanwa vilevile. Ukifungua unakuta rundo jeusi la vipande vya miguu na vichwa kati ya vifungo viwili vya fedha, na vifungo vyenyewe havina kasoro yoyote. Hapo brashi ya meno kuukuu na pumzi vinatosha. Kisha ziba tundu la waya kwa glendi ya plastiki inayobana. Mijusi wadogo nao wana mchezo huohuo.

Mabaya yanaanza pale kusafisha kunapogeuzwa kuwa matengenezo. Kontakti nzuri ina tabaka jembamba la aloi ya fedha juu ya shaba. Msasa mkali unaondoa tabaka hilo, na shaba iliyobaki wazi inapata kutu, inapitisha umeme kwa shida, inapata moto, kisha inashikana upesi kuliko mwanzo. Ukilazimika, pitisha kipande cha karatasi ngumu au msasa laini kabisa mara chache, upanguse vumbi, uishie hapo. Uso wa kontakti ukiwa na mashimo na vilima unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, usipoteze muda nao.

Kijibomba kilichoziba kina nafuu zaidi. Kifungue, kizibue kwa waya, kioshe. Kikiwa cha chuma kilichokula kutu ndani, weka cha shaba nyeupe au cha plastiki ngumu. Nimeona watu wakibadilisha swichi nzima, wakaifunga mpya juu ya kijibomba kilekile kilichoziba, kisha wakairudisha dukani wakidai ni feki.

Swichi mpya ya aina ileile: jibu la nyumba nyingi, kwa sharti moja

Kama kontakti zimeungua au mpira wa ndani unavuja, swichi mpya ya aina ileile ndiyo uamuzi wa busara kwa nyumba nyingi zenye tangi la presha, yaani lile lililofungwa lenye mpira wa ndani unaotenga maji na upepo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika ulinganisho huu, fundi yeyote anakijua, vipuri viko kila mji, na hakina ubongo wa elektroniki wa kuchomwa na radi. Jambo hilo la mwisho si dogo katika nchi hii. Tororo imewahi kuingia kwenye vitabu vya rekodi kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976.

Unapoinunua soma maandishi ya pembeni. Angalia ampea inazobeba kwa mota, kwa sababu namba kubwa iliyochapwa juu inaweza kuwa ya mzigo wa kawaida kama taa. Pampu ya nguvu farasi moja kwenye umeme wa waya mbili, yaani wa fezi moja, inavuta takriban ampea tano hadi sita ikiwa imetulia, lakini wakati wa kuwaka inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi. Angalia pia kama inakata waya zote mbili, layivu na nyutro, na kama kiwango chake cha presha kinaingiana na pampu yako. Ishike mkononi: ile yenye kifuniko kinachocheza na bati jembamba ndani utaijua kwa uzito.

Sharti ni tangi la presha. Hapo ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka. Hajjati mmoja wa Bombo aliniita kwa sababu pampu ilikuwa haizimi.

"Mwanangu, hii swichi ni mpya. Nimeibadilisha na haina hata miezi miwili."

"Hajjati, tangi lile la bluu mara ya mwisho lilijazwa upepo lini?"

"Upepo? Si linajazwa maji?"

Nilibonyeza kile kipini cha valvu, kinachofanana na cha tairi la baiskeli, na badala ya upepo yakatoka maji. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka. Tangi zima lilikuwa limejaa maji, na maji hayabanwi. Kwa hiyo koki ikifunguliwa kidogo tu presha ilianguka na pampu ikawaka, koki ikifungwa presha ilipaa na pampu ikazima, na mchezo huo ulirudiwa kutwa. Kila kuwaka ni ule mvuto wa mara tano hadi saba, na kila kuzima ni cheche. Hakuna swichi duniani ambayo ingepona hapo. Tulibadilisha mpira wa tangi kwanza, swichi baadaye.

Hata tangi lisilo na kasoro linaweza kuwa dogo mno. Lile la lita 24 ambalo huuzwa sana pamoja na pampu halitoi lita 24. Kwa swichi ya baa 1.4 na 2.8, na upepo uliopimwa vizuri, linatoa lita nane hivi kabla pampu haijawaka tena. Maana yake jerikani moja ya lita 20 inaiwasha pampu mara mbili au tatu. Nyumba ya familia moja inavumilia. Nyumba za wapangaji zinazochota maji kwenye bomba moja uani haziwezi kuvumilia hivyo, na hapo tangi la lita 100, ambalo linatoa karibu lita 35 kwa mzunguko, litakusaidia kuliko kununua swichi ya bei kubwa.

Kuupima upepo ni rahisi. Zima umeme, fungua koki mpaka maji yaishe kwenye tangi, kisha pima kwa geji ya tairi. Unatakiwa kukuta presha iliyo chini kidogo ya ile ya kuwashia, tofauti ya baa 0.1 hadi 0.2. Kwa swichi ya 1.4, basi 1.2 au 1.3. Fundi wa boda na pampu yake ya mkono anaweza kukujazia. Ukipima tangi likiwa na maji, namba unayoipata haikuambii kitu.

Udhaifu mkubwa wa swichi hii, hata ikiwa mpya na tangi likiwa zima, ni kwamba haijui kama kisima kina maji. Wakati wa kiangazi kisima kikishuka, presha haipandi, swichi inaendelea kuwasha, na pampu inasaga hewa mpaka inaungua. Wenye visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono walifikirie jambo hili kwa uzito.

Swichi ileile, lakini na kontakta

Hii ni njia ambayo mafundi wengi wa majumbani hawaitaji, nami naiona inastahili nafasi kubwa zaidi. Swichi ya presha inabaki, ila haibebi tena umeme wa pampu. Inabeba ule mdogo wa kuamsha koili ya kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, na kontakta ndiyo inayobeba mota. Kontakti za swichi hazipigi tena cheche kubwa, na unaweza kuongeza relei ya kuzuia mota isizidiwe, ukaiseti kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

Kwa pampu ya nguvu farasi moja na kushuka, ni gharama ya ziada usiyoihitaji sana. Kuanzia farasi moja na nusu au mbili kwenda juu, au pampu ya fezi tatu shambani, ndiyo njia ninayoichagua.

Ina kasoro moja inayotuhusu moja kwa moja. Koili ya kontakta inahitaji kama asilimia 85 ya volti zake ili ishike vizuri. Koili ya volti 230 ikipata chini ya 195, inaanza kutetemeka na kunguruma, inashika na kuachia mfululizo, na kontakti zake kubwa zinaungua kwa dakika chache. Katika mitaa iliyo mwisho wa laini, saa moja jioni watu wote wakipika na kupiga pasi, volti zinaweza kushuka kiasi hicho. Kabla ya kuifunga, pima volti jioni pampu ikiwa inafanya kazi. Zikiwa dhaifu, ongeza kifaa cha kukata umeme volti zikishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kifaa hicho kitaisaidia pampu pia, kwani mota yenye volti ndogo inavuta ampea nyingi na kuchemka. Na umeme wenyewe ukiwa mdogo kila siku, lalamika UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ambao wamechukua usambazaji tangu tarehe 1 Aprili 2025. Swichi haiwezi kutibu laini.

Kidhibiti cha elektroniki: kizuri kuliko wanavyosema mafundi, kibaya kuliko wanavyosema wauzaji

Hiki ni kile kifaa kinachokaa juu ya pampu au kwenye bomba, chenye geji, taa za umeme, pampu na hitilafu, na kitufe cha kuanzisha upya. Presha ikishuka hadi kiwango chake, mara nyingi baa 1.5, kinawasha. Maji yakiacha kupita, kinazima. Yakikosekana kabisa kwenye kisima, kinazima na kuwasha taa nyekundu, na pampu yako imepona. Kwa sababu hiyo moja, mwenye kisima kinachokauka anaweza kuniambia amekichagua na nisimpinge.

Tofauti yake na swichi ya kawaida iko mahali ambapo wengi hawaangalii. Swichi ya kawaida inazima kwa presha, kwa hiyo bomba za nyumba haziwezi kuona zaidi ya baa 2.8 au ulizoziseti. Kidhibiti kinazima maji yakiacha kutembea, na hadi hapo pampu imeshasukuma kwa nguvu zake zote. Chukua pampu ya kuzamisha inayoweza kusukuma mita 100 kwenda juu, kisima ambacho maji yako mita 40 chini: kwenye koki zako kunabaki mita 60, yaani baa sita. Bomba za plastiki ngumu za PPR zilizochomelewa vizuri zitastahimili, lakini mipira ya sinki, valvu za tangi la choo na hita ya bafuni zitaanza kuvuja moja baada ya nyingine. Kwa pampu ndogo ya juu ya ardhi inayovuta kutoka tangi la chini, tatizo hilo halipo, na kidhibiti kinakaa vizuri sana.

Kuna masharti mengine ambayo muuzaji husahau. Koki ya juu kabisa isizidi mita 15 juu ya kidhibiti cha baa 1.5, maana uzito wa maji yaliyo kwenye bomba tayari utakidanganya kwamba presha ipo. Pampu lazima iweze kupita kiwango cha kuwashia kwa nafasi ya kutosha, karibu baa 0.8 au zaidi, la sivyo kitasoma hitilafu kila mara. Vingi vya majumbani vinaishia ampea 10 na mota ya kilowati 1.1, na kuvifunga kwenye pampu ya farasi mbili ni kununua moshi. Koki inayodondosha matone usiku inakiwasha na kukizima mpaka alfajiri. Na ndani kuna relei yenye kontakti, ndogo kuliko za swichi ya kawaida, ambazo nazo hunasa. Tofauti ni kwamba zikinasa hapo huzifungui kwa bisibisi. Unabadilisha bodi, na mara nyingi kifaa kizima.

Ukikichagua, kiwekee kinga ya mishtuko ya umeme kwenye boksi la breka, pamoja na chujio kabla yake kama kisima kinatoa mchanga. Chembe moja kwenye valvu yake ya ndani inatosha kuifanya pampu isizime.

Floti kwenye tangi la juu

Nyumba nyingi za Uganda tayari zina tangi la plastiki juu ya mnara wa chuma, ule wanaouchomelea mafundi wa Katwe, Kampala, na kwingineko. Kwa nyumba hizo swali la swichi ya presha linaweza kuondoka kabisa. Floti, yaani swichi inayoelea, inaning'inia ndani ya tangi, maji yakishuka inaning'inia chini na kuwasha, yakipanda inaelea na kuzima. Pampu inawaka mara moja au mbili kwa siku badala ya makumi ya mara. Hakuna presha, hakuna mpira wa tangi, na umeme ukikatika bado una lita elfu moja juu ya kichwa. Kwa maisha ya pampu ya kisima kirefu sijui njia iliyo bora kuliko hii.

Unacholipa ni presha ya kuogea. Kila mita moja ya urefu inakupa baa 0.1 tu, kwa hiyo mnara wa mita sita unakupa 0.6 kwenye koki ya chini, na bafu la ghorofani litakuwa la kunyunyizia tu. Anayetaka shawa yenye nguvu ataongeza pampu ndogo ya kusukuma kutoka tangini.

Floti nayo hunasa. Inajikwaa kwenye bomba la kuingizia maji, inashikwa na utelezi wa kijani ukutani, au waya wake unajisokota. Panda uitazame ikipanda na kushuka mzunguko mzima kabla ya kushuka kwenye ngazi. Weka bomba la kumwagia maji ya ziada linaloonekana kutoka uani, ili ikinasa watu waone maji yakimwagika mapema.

Soma maandishi yake pia. Utakuta kitu kama 10(4) A. Namba ya nje ni kwa mizigo kama taa, ile ya kwenye mabano ni kwa mota. Pampu ya farasi moja inayovuta ampea tano na nusu imeshaipita hiyo nne, hata kama mwenye duka anakuonyesha kumi. Chukua yenye namba kubwa zaidi ndani ya mabano, au rudi kwa kontakta. Floti nyingi zina waya tatu, mmoja wa pamoja na mbili za chaguo, moja kwa kujaza tangi na nyingine kwa kuzuia pampu isikauke. Rangi hazifanani kati ya watengenezaji, kwa hiyo pima kwa mita huku ukiinua na kushusha floti mkononi, usikisie. Ukiunganisha ule usiofaa, pampu itawaka tangi likijaa na kuzima likiwa tupu.

Waya unaopanda mnarani upitishe kwenye bomba la kondyuiti, jua letu linaula mpira ukapasuka. Na kwa mnara mrefu mahali penye radi nyingi, naona ni afadhali floti iendeshwe kwa volti 24 kutoka transfoma ndogo, ikiamsha kontakta iliyo chini. Hivyo ndani ya tangi la maji mnayokunywa hakuna volti 240. Wenye pampu za sola hupata hili bure: kontrola nyingi zina tundu la floti la volti ndogo tayari.

Kama ningekuwa nachagua kwa pesa zangu

Nyumba ya familia yenye kisima, tangi la presha na umeme wa wastani: pima upepo wa tangi, zibua kijibomba, nunua swichi ileile yenye ampea za kutosha, uzibe tundu la waya. Kama pesa inabaki, kuza tangi kabla ya kufikiria elektroniki.

Nyumba za wapangaji au shule ndogo yenye pampu ya farasi mbili: mnara, floti na kontakta, hata kama mnara utasubiri msimu mwingine. Katika kusubiri, funga kontakta kwenye swichi ya presha uliyonayo sasa. Itahamishiwa kwenye floti baadaye bila kupotea.

Kisima kifupi kinachokauka Januari: kidhibiti cha elektroniki kama pampu ni ndogo na ya juu ya ardhi. Kama ni ya kuzamisha, swichi ya kawaida pamoja na relei ya kukata pampu ikikosa maji, kwa sababu ya zile baa sita nilizozieleza.

Na yule ambaye pampu yake imekataa kuzima sasa hivi wakati anasoma: shusha breka, fungua koki, acha presha ishuke, na usiirudishe kwa usiku mzima bila mtu kuitazama geji. Asubuhi anza na kipini cha valvu ya tangi. Yakitoka maji, swichi isubiri.